Hakuna Mwingiliano Unaojulikana

Mama alinipigia simu Jumanne moja usiku, Agosti 2024, na hata kabla sijamaliza kumwamkia akaniuliza, "Mwanangu, hebu nambia. Haluli na dawa ya gesi, mtu aweza kunywa pamoja?"

Nilicheka, manake jibu nilikuwa nalo. Tena limeandikwa, limekaguliwa na limelipiwa. Wiki tatu kabla ya hapo nilikuwa nimeandika makala ya maneno 800 juu ya swali hilohilo. Mteja alikuwa na tovuti ya afya, sijui ya nchi gani, na mwenye akaunti anayenigawia kazi alinitumia kichwa kikiwa tayari: je, ni salama kutumia dawa ya kufungua choo pamoja na dawa ya kuondoa gesi? Nililipwa shilingi 400 kwa M-Pesa. Kwa hivyo Mama alipouliza nilijiona kama mwanafunzi aliyeletewa mtihani ambao alishauona usiku.

"Hazina shida, Mama," nikamwambia. "Hakuna mwingiliano unaojulikana."

"Yaani?"

"Yaani hazigombani. Meza zote, ulale. Asubuhi utakuwa sawa."

"Haya. Ndo faida ya kusomesha mtoto," akasema, akakata simu.

Hapo kwenye kusomesha ndipo pana hadithi.

Nilijiunga na chuo kikuu mwaka wa 2020 kusomea biokemia. Mama hakuwahi kulipenda hilo neno. Kwake nilikuwa nasomea "mambo ya dawa", na hivyo ndivyo alivyowaambia wateja wake pale Kisauni, wale wanaokuja kuchukua mahamri na mbaazi kabla jua halijawa kali. Nilisoma miaka miwili. Muhula wa mwisho wa mwaka wa pili karo ilibaki elfu 38, na chuoni kwetu ukiwa na deni hukanyagi chumba cha mtihani. Mama alikuwa ameshakopa kwa chama mara mbili kwa ajili yangu. Nikajiambia, acha nifanye hizi kazi za kuandika muhula mmoja tu, nilipe, nirudi. Muhula ukawa mwaka. Mwaka ukawa miwili. Sikumwambia.

Mwanzo nilikuwa nangoja siku nzuri ya kumwambia. Baadaye nikagundua kwamba uongo wa aina hii hauhitaji kazi kubwa. Unasema "tumefunga" Desemba, unasema "tuko kwenye mitihani" Aprili, na mzazi anakujazia mengine yote mwenyewe. Kila mwezi alinitumia elfu mbili za matumizi ya chuo. Nilikuwa nikizipokea. Kuna miezi ndizo zilizolipa nyumba yangu ya chumba kimoja huku Kahawa.

Na kwa sababu nilikuwa "nasomea mambo ya dawa", nikageuka kuwa kemisti wa mtaa mzima kwa njia ya simu. Jirani akipewa dawa ya presha, Mama ananipigia. Mtoto wa mtu akipata vipele, napigiwa. Mimi naye nasoma mtandaoni upesiupesi, najibu kwa sauti ya mtu aliyetoka maabara saa hii. Sikuwahi kusema "sijui". Kusema sijui kungeleta maswali mengine.

Naomba nieleze nilichoandika kwenye ile makala, kwa sababu haikuwa uongo.

Nilizungumzia dawa mbili. Ya kwanza ni bisakodili, kile kidonge kidogo cha manjano cha miligramu 5 ambacho hukosi kukipata kemisti ukienda kueleza kwa sauti ya chini kwamba hujapata choo siku kadhaa. Bisakodili huamsha neva za ukuta wa utumbo mpana ili misuli ianze kusukuma. Huchukua kama saa 6 hadi 12 kufanya kazi, ndo maana watu humeza usiku wakingojea majibu asubuhi. Ya pili ni simethikoni, ambayo ndiyo dawa ya gesi yenyewe. Simethikoni haiingii kwenye damu. Kazi yake ni kulegeza ngozi ya vipovu vya hewa vilivyonasa tumboni, vile vidogovidogo viungane viwe vikubwa, kisha vitafute njia, juu au chini. Ikimaliza, yenyewe inatoka na choo vilevile ilivyoingia.

Kitu kisichoingia mwilini kitagombana na nani? Na kuna ushahidi mzuri zaidi. Mgonjwa akiandaliwa kuchunguzwa utumbo mpana kwa kamera, hospitali humpa haluli ya kuosha tumbo lote, na mara nyingi huongeza simethikoni ili povu lisimzuie daktari kuona. Wanazitumia pamoja makusudi. Haya yote niliyaandika, nikamalizia na ile sentensi ambayo wateja wa makala za dawa wanaipenda sana: hakuna mwingiliano unaojulikana kati ya dawa hizi mbili.

Sentensi hiyo ningeweza kuitetea mbele ya mwalimu yeyote. Tatizo ni kwamba Mama hakuwa na dawa hizi mbili.

Simu ililia saa kumi na moja alfajiri. Alikuwa mdogo wangu, anayekaa na Mama. "Mama ameanguka bafuni," akasema, halafu akaanza kulia, na nikabaki kuuliza "ameanguka vipi?" kama kwamba kuna njia nyingi za kuanguka.

Alinieleza kwa vipande. Mama alilala saa nne. Kwenye saa sita tumbo likaanza kuwaka na kumsokota, akatapika. Kufika saa tisa akaanza kuendesha, na hakuweza tena kutoka chooni. Alikuwa akitoka hatua mbili, anarudi. Ilipokaribia alfajiri alisimama haraka, kizunguzungu kikamkamata, akashika pipa la maji, pipa likaja naye. Jirani alitafuta tuktuk, wakampeleka kituo cha afya. Alitundikiwa maji chupa mbili.

Nilikopa nauli kwa mwenye akaunti, nikapanda basi la saa mbili asubuhi. Nakumbuka tukiwa Mtito Andei abiria wenzangu walishuka kununua chipsi na mimi nikabaki kwenye kiti na simu, naisoma makala yangu mwenyewe. Naisoma mstari kwa mstari, natafuta mahali nilipokosea. Sikuona.

Nilipofika nyumbani jioni Mama alikuwa amerudi, amelala kwenye mkeka sebuleni, leso kiunoni, macho yameingia ndani. Nilimwamkia. Akaniitikia, akaniambia, "Umekuja? Na masomo?" Nikasema nimeomba ruhusa.

Mezani kulikuwa na mfuko wa karatasi wenye dawa zake. Nikaumwaga. Nilikuwa nataka kuona kidonge cha manjano na dawa ya gesi, hivyo viwili tu, nijue tatizo liko wapi. Kidonge kilikuwapo. Halafu nikachukua chupa ya dawa ya gesi, ile dawa nyeupe nzito kama chokaa iliyokorogwa, ambayo nyumba nyingi za Kenya zinayo na kila mtu anaiita dawa ya gesi. Nikasoma pembeni, kwa maandishi madogo.

Simethikoni ilikuwamo. Ilikuwa ya mwisho kwenye orodha. Juu yake kulikuwa na alumini haidroksaidi na magnesi haidroksaidi. Hizo ni dawa za kuzima asidi. Mtu anayelalamika gesi Kenya mara nyingi analalamika pia kiungulia, kwa hivyo watengenezaji wameziweka pamoja kwenye chupa moja, na sisi tumeipa chupa nzima jina la kitu kimoja kilichomo ndani yake.

Sasa kidonge cha bisakodili kina koti. Koti hilo halikuwekwa kwa ajili ya urembo. Limetengenezwa lisiyeyuke kwenye ukali wa tumbo, lisubiri mpaka kidonge kipite tumbo na kuingia utumboni, ambako asidi imepungua. Ndo maana huruhusiwi kukitafuna wala kukivunja. Ukinywa dawa ya kuzima asidi wakati mmoja nacho, tumbo linapoa, na koti linayeyuka mapema. Dawa inamwagika palepale tumboni, mahali isipotakiwa. Matokeo yake ni tumbo kuwaka, kusokota, na kichefuchefu. Karatasi inayokaa ndani ya pakiti inasema wazi: usikimeze pamoja na dawa za kuzima asidi wala maziwa, acha angalau saa moja katikati. Maziwa nayo hufanya kosa lilelile.

"Mama, ulimezea nini?"

"Chai."

"Ya rangi?"

"Ya maziwa. Mimi na chai ya rangi wapi na wapi?"

Nikaendelea kuokota vitu mezani. Kulikuwa na kikombe cha bati, na chini yake majani yaliyolowa yameganda.

"Na hii?"

"Ah, hiyo sanamaki. Nilikunywa magharibi, nikaona yachelewa."

"Mama! Mbona hukunambia?"

"Kwani uliniuliza?" akasema. "Halafu sanamaki si dawa. Ni majani."

Sanamaki tunaijua sote watoto wa Pwani. Nyanya alikuwa akitunywesha mara moja kwa mwaka, wakubwa kwa wadogo, na siku hiyo hakuna aliyeruhusiwa kwenda mbali na nyumbani. Ni majani, kweli. Ni majani ambayo dawa yake imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Inafanya kazi palepale inapofanya bisakodili, kwenye utumbo mpana, na kwa muda uleule, saa 6 hadi 12. Kwa hivyo Mama, kwa usiku mmoja, aliamsha utumbo wake kwa fimbo mbili. Kilichomwangusha ni maji na chumvi za mwili zilizomtoka.

Nilikaa pale sakafuni na ile chupa mkononi. Nilikuwa nimejibu swali kuhusu molekuli mbili. Mama alikuwa na chupa yenye dawa tatu, kidonge chenye koti, kikombe cha maziwa na majani ya Nyanya. Na bado kulikuwa na pakiti moja ambayo sikuwa nimeifungua.

Pakiti hiyo niliielewa Ijumaa, tuliporudi kituoni ili Mama aangaliwe tena. Daktari alikuwa msichana wa rika langu, au kunizidi miaka miwili hivi. Mama akanitambulisha kwa fahari ileile: "Huyu ndo mwanangu, yule wa mambo ya dawa."

Daktari akanitazama. "Ndo wewe uliyemwambia ameze zote?"

"Ndiyo," nikasema.

"Uko mwaka wa ngapi?"

Mama alikuwa amekaa kati yetu, anamwangalia daktari, anaangalia mdomo wangu. Nikasema, "Wa nne."

Hilo lilikuwa la mwisho, lakini wakati huo sikujua.

Daktari hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alianza kuzungumza nami kama mwenzake. Akasema usiku ule Mama alipoletwa, kitu cha kwanza alichomuuliza ni kama hewa ilikuwa ikitoka. "Unajua kwa nini nilimuuliza," akaniambia, na mimi nikatikisa kichwa kama najua. Nilikuja kuelewa alipomgeukia Mama kumweleza. Tumbo lililofunga, limevimba, mtu anatapika na hata hewa haitoki, huenda utumbo umeziba. Hapo haluli haipewi, kwa sababu unaupa utumbo nguvu ya kusukuma mlango uliofungwa, na unaweza kupasuka. Huyo anakimbizwa hospitali. Vivyo hivyo mwenye maumivu makali yasiyoachia, au damu kwenye choo. Mama alikuwa na bahati. Lake lilikuwa la kufunga tu.

Mimi nilikuwa nimeongea naye kwenye simu dakika nne. Alikuwa amesema tumbo limejaa, hajaenda choo siku ya tano. Sikuuliza hewa. Sikuuliza kutapika. Sikuuliza lolote.

"Na alianza kufunga choo lini?" daktari akauliza. Mama akahesabu kwa vidole. Kama miezi miwili.

"Na hizi za kuongeza damu ulianza lini?"

Mama akanyamaza. Kama miezi miwili.

Ile pakiti ya mwisho ilikuwa vidonge vya madini ya chuma. Kliniki walimpa Juni baada ya kumpima na kuona damu imepungua. Vidonge hivyo vinajulikana kwa kufunga choo na kukifanya cheusi. Mama alifunga choo, tumbo likajaa gesi, akaenda kununua dawa ya gesi. Akawa anainywa kila siku baada ya chakula, na vidonge vya damu anavimeza wakati huohuo ili asisahau, kwa chai. Na hapa ndipo palipokuwa na mwingiliano ambao hakuna aliyeulizia. Dawa za kuzima asidi huuzuia mwili kuyachukua madini ya chuma vizuri. Chai nayo huyazuia. Kwa miezi miwili Mama alikuwa anameza chuma kwa mkono mmoja na kukifungia mlango kwa mkono mwingine, na tumbo lake linapata madhara ya dawa bila faida yake. Walipompima tena, damu ilikuwa imepanda kidogo mno. Uchovu aliokuwa akilalamika, ule niliokuwa nikimwambia "pumzika tu Mama, ni kazi ya mahamri", ulikuwa bado ni damu.

Daktari akaandika upya. Vidonge vya damu avimeze kwa maji, mbali na chai na mbali na dawa nyeupe kwa saa mbili. Dawa nyeupe aiache kwanza. Sanamaki aiache. Kwa choo, akampa laktulosi, dawa tamu ya maji. Ni aina ya sukari ambayo mwili hauwezi kuichukua, inafika utumbo mpana ikavuta maji na kulainisha choo. "Lakini siku za mwanzo itakuletea gesi," akamwambia, "kwa sababu wadudu wa tumboni wanaila hiyo sukari. Usiogope, itapungua."

Mama akacheka kwa mara ya kwanza tangu nifike. "Kwa hivyo dawa ya kuniondolea shida yanipa gesi?"

"Kwa siku chache."

"Na nikizidiwa na hiyo gesi?"

Daktari akanigeukia. "Akizidiwa anaweza kutumia nini?"

Nilijua jibu. Simethikoni peke yake, isiyochanganywa na kitu. Nililijua vizuri sana. Lakini wakati ule nilishindwa kulitoa, kwa sababu nilikuwa nimechoka kuwa mtu anayejua. Nikasema, "Wewe mwambie, daktari."

Kutoka kituoni hadi nyumbani ni mwendo mfupi, lakini Mama alikuwa bado hana nguvu, kwa hivyo tulipumzika kwenye benchi chini ya mwarobaini, karibu na mahali wanapochonga vitanda. Alikuwa ameshika mfuko wa dawa kwa mikono miwili.

"Mama," nikasema, "mimi siko chuo."

"Mmefunga?"

"Niliacha. Tangu 2022."

Hakusema kitu. Fundi alikuwa anapiga randa, na kila alipoinyanyua kulikuwa na kimya kidogo ambacho niliogopa. Nikamweleza karo, deni, chumba cha mtihani, kazi za kuandika. Nilieleza haraka, na nadhani nilirudia mambo.

"Na zile elfu mbili?"

"Nililipia nyumba."

"Na haya ya dawa uliyokuwa ukinambia? Na ya majirani? Ulikuwa wayatoa wapi?"

"Mtandaoni. Nasoma, nakwambia."

"Na hii ya haluli?"

"Hii niliiandika mwenyewe."

Akanigeukia. "Wewe? Mwenyewe?"

"Ni kazi. Watu wanaiweka kwenye tovuti."

"Ukalipwa?"

"Mia nne."

Mama ni mfanyabiashara. Nilimwona akihesabu. "Tuktuk ilikuwa mia tano," akasema, akainuka, tukaenda nyumbani.

Alikuwa ameshanunua kitambaa cha kushona nguo ya mahafali yangu. Nilikiona usiku ule kwenye sanduku nilipokuwa natafuta shuka, cha zambarau, bado kimekunjwa na karatasi ya dukani. Nilikifunika tena. Nilirudi Nairobi Jumapili, na kwa wiki karibu tatu hakunipigia. Nikipiga, mdogo wangu ndiye aliyeshika simu na kuniambia Mama anapika, Mama analala, Mama yuko kwa jirani.

Ndani ya wiki hizo nilimwandikia mwenye akaunti. Nilimwambia ile makala ina upungufu, naomba aongee na mteja nirekebishe bila malipo. Aya moja tu. Niseme kwamba dawa ya gesi nyingi sokoni si simethikoni peke yake, isomwe chupa. Niseme kuhusu koti la bisakodili, maziwa, na ile saa moja. Niseme mtu ahesabu pia majani na vidonge vya damu, na ajiulize kwa nini amefunga choo kabla ya kutafuta cha kufungulia. Niseme kama hewa haitoki na unatapika, funga tovuti hii uende hospitali. Akanijibu kwamba kazi ilishalipwa, mteja hajalalamika, na nisituharibie akaunti. Makala haina jina langu. Iko hukohuko bado. Mtu fulani usiku huu, mahali fulani, anaisoma na tumbo lake limejaa, na inamwambia ukweli ambao haumfai.

Sijaacha kuandika. Sina kazi nyingine, na deni la HELB halingoji niwe mwema. Lakini makala za dawa nimeziacha, na zilikuwa ndizo nyingi, kwa hivyo mwezi ukifika katikati naisikia hiyo hasara. Nimeandika kwa chuo kuuliza taratibu za kurudi. Bado nangoja.

Mama alinitafuta mwenyewe, mwishoni mwa Septemba. Hakupiga. Alituma picha kwa WhatsApp, picha ya karatasi ndefu iliyokunjwakunjwa, ile inayokaa ndani ya pakiti ya dawa, maandishi madogo ya Kiingereza pande zote mbili. Chini yake akatuma sauti. Niliisikiliza nikiwa nimesimama foleni ya maji.

Alikuwa anasema miwani yake imevunjika, na mdogo wangu anasoma vibaya. Alikuwa anasema damu imepanda, wamempima, lakini wamebadilisha aina ya vidonge. Kisha kukawa na kimya, nikadhani imeisha, nikaanza kuitoa simu sikioni.

"Nisomee," akasema. "Soma ilivyo. Usiongeze lako."